Ndege na Mimea katika Nakshi za Kichina: Maana Iliyofichwa katika Sauti

Utangulizi

Katika migahawa na maduka ya Kichina yaliyoongezeka mjini Kampala na katika miji mingine ya ukanda wetu, ni jambo la kawaida kuona ubao uliotiwa nakshi ukiwa umetundikwa ukutani. Aghalabu huwa na ndege wawili juu ya tawi lenye maua, au yangeyange mmoja aliyesimama kati ya majani ya yungiyungi. Wateja huutazama, huusifu ufundi wake, kisha huendelea na chakula chao. Hawana kosa. Kwa mtu asiyejua Kichina ubao huo ni pambo, na pambo huishia machoni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nakshi za namna hiyo hazikuchongwa ili zitazamwe tu. Zilichongwa ili zisomwe. Ndege na mimea iliyomo hukaa pamoja kama maneno yanavyokaa katika sentensi, na maana ya kila kimoja hutegemea jirani yake. Sisi tunaofundisha Kiswahili tumeona mada hii inatufaa kwa sababu ufunguo wa nakshi hizi haumo katika mbao wala katika jiwe. Umo katika lugha. Aidha, wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu kuhusu ishara katika ushairi na sanaa za mikono wanaweza kujifunza kwa mafundi wa China jinsi ishara inavyofanya kazi, na jinsi inavyoweza kusomwa vibaya.

Chimbuko la nakshi za ndege na maua

Ndege na maua walianza kupewa nafasi kubwa katika sanaa ya China wakati wa nasaba za Tang (618–907) na Song (960–1279). Kaizari Huizong wa nasaba ya Song, aliyetawala kuanzia mwaka 1100 hadi 1126, alikuwa yeye mwenyewe mchoraji hodari wa ndege na maua. Ni katika utawala wake, mwaka 1103, ambapo kitabu cha Li Jie kiitwacho Yingzao Fashi kilichapishwa. Kitabu hicho kilikuwa mwongozo wa serikali kwa ujenzi wa majumba, na ndani yake mna kanuni za kuchonga jiwe na mbao pamoja na vielelezo vya maua ya kutiwa katika nakshi. Hii ina maana kwamba miaka zaidi ya 900 iliyopita ua katika jengo lilikuwa tayari jambo la kanuni, si la fundi kujichorea apendavyo.

Hata hivyo, nakshi tunazozijua zaidi leo ni za nasaba za Ming (1368–1644) na Qing (1644–1912), na nyingi hazikuwa za ikulu bali za nyumba za watu binafsi. Kuna sababu ya kihistoria. Sheria za Ming ziliweka mipaka ya namna raia wa kawaida alivyoruhusiwa kujenga. Nyumba yake haikutakiwa kuzidi upana wa nafasi tatu kati ya nguzo na nguzo, haikuruhusiwa kuwa na yale mabano ya mbao yaliyopangwa chini ya paa kama ya majumba ya kifalme, wala haikuruhusiwa kupakwa rangi za kung'aa. Mtu aliyekuwa na fedha nyingi lakini hana cheo alibaki na njia chache za kuonyesha mafanikio yake. Njia mojawapo ilikuwa kuchonga.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa Huizhou, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika mkoa wa Anhui, wanapoingia katika historia hii. Watu hao walitajirika kwa biashara ya chumvi, chai na mbao. Nyumba zao kwa nje zina kuta nyeupe zilizo wazi na madirisha madogo machache. Ukifika langoni na kuingia uani, mambo hubadilika: juu ya lango kuna tofali zilizochongwa, ndani kuna jiwe lililochongwa, na kuzunguka ua wa ndani kuna mihimili, milango na madirisha ya mbao yaliyojaa nakshi. Wenyeji huziita nakshi tatu za Huizhou: za tofali, za jiwe na za mbao. Vijiji viwili vya eneo hilo, Xidi na Hongcun, viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Ifahamike pia kwamba katika mpangilio wa kijamii uliotokana na mafundisho ya Confucius, mfanyabiashara aliwekwa mwisho, nyuma ya msomi, mkulima na fundi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Huizhou alikuwa na fedha lakini alitamani heshima. Heshima ilipatikana kwa mtoto wake kufaulu mitihani ya serikali na kupewa cheo. Tukilijua hilo tutaelewa kwa nini nakshi nyingi za nyumba zake zinazungumzia mambo yale yale: kufaulu, cheo, watoto wa kiume, maisha marefu na amani ya nyumba.

Njia tatu za kusoma nakshi

Ndege au mmea katika nakshi za Kichina huweza kubeba maana kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni tabia ya kitu chenyewe. Msonobari haupukutishi majani wakati wa baridi, kwa hiyo humaanisha maisha marefu na uthabiti. Mwanzi una uwazi ndani na vifundo nje. Uwazi huo hufananishwa na unyenyekevu wa moyo, na vifundo hufananishwa na msimamo. Mti wa mei, ambao ni jamii ya mplamu, huchanua theluji ikiwa bado chini. Mimea hii mitatu kwa pamoja huitwa marafiki watatu wa majira ya baridi, nayo huchongwa mahali ambapo mwenye nyumba anataka kusema kwamba dhiki haitamvunja.

Njia ya pili ni hadithi na maandishi. Tunda la fyulisi, ambalo wengi wetu tunaliita pichi, lina maana ya maisha marefu kwa sababu ya masimulizi kuhusu Xi Wang Mu, Mama Malkia wa Magharibi, ambaye bustani yake ilikuwa na mafyulisi ya kumfanya mlaji asife. Yungiyungi nalo lina heshima katika dini ya Kibudha, na liliongezewa heshima na mwanafalsafa Zhou Dunyi (1017–1073), ambaye katika insha yake fupi alilisifu kwa kutoka kwenye matope bila kuchafuka, akalifananisha na mtu muungwana.

Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ni sauti. Kichina kina silabi chache ukilinganisha na wingi wa maneno yake, kwa hiyo maneno mengi hutamkwa sawa au karibu sawa. Fundi huchonga kitu kinachochongeka ili msomaji alitamke jina lake na kusikia neno lingine lisilochongeka. Popo, kwa mfano, huitwa fu, na baraka pia huitwa fu. Baraka haina umbo, popo analo. Kwa hiyo popo, ambaye kwetu ni kiumbe wa usiku anayeogopwa na wengi, ametapakaa katika milango na vitanda vya China akiwa mleta heri. Hata mjini Guangzhou, ambako watu husema Kikantoni na hutamka maneno hayo fuk badala ya fu, popo na baraka bado hutamkwa sawa, na mchezo wa sauti haupotei.

Jambo hili si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Neno paa kwetu ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kuelekea juu angani, na pia ni kuondoa magamba ya samaki. Tuseme fundi wa pwani anataka kumtakia rafiki yake apae katika kazi yake. Angeweza kumchongea mnyama paa juu ya mlango wake. Mswahili angetabasamu na kuelewa. Mgeni angeona mnyama tu, na kama ni mtu wa kuandika vitabu, pengine angeandika kwamba watu wa pwani humheshimu paa kwa wepesi wa miguu yake. Katika ushairi wetu ufundi wa aina hii tunauita jinasi. Wachina waliutoa jinasi kwenye karatasi wakautia kwenye mbao.

Yungiyungi moja, maana tano

Ili tuone jinsi jirani anavyobadilisha maana, tulichukue yungiyungi. Likichongwa peke yake, hasa mahali pa ibada au katika chumba cha kusomea, hubeba ile maana ya usafi tuliyoitaja hapo juu. Hii ndiyo maana inayotajwa katika vitabu vingi, na wasomaji wengi huishia hapo.

Likichongwa pamoja na yangeyange mmoja, hoja inabadilika kabisa. Yangeyange huitwa lu, na njia pia hutamkwa lu. Yangeyange mmoja ni yi lu, maneno ambayo pia humaanisha njia nzima au safari nzima. Yungiyungi huitwa lian, sawa na neno la kufuatana bila kukatika. Na kwa kuwa mayungiyungi huota kwa mafungu, fungu huitwa ke, sauti ile ile ya neno linalotumika kwa mtihani wa serikali. Ukiunganisha yote unapata yi lu lian ke, yaani dua ya kwamba mtahiniwa afaulu mtihani baada ya mtihani katika safari yake yote. Usafi haumo tena katika picha hii. Na idadi ya ndege ni muhimu: wakiwa wawili, sentensi inavunjika.

Dua hiyo ilikuwa na uzito. Mitihani ya serikali ya China ilianza wakati wa nasaba ya Sui, mwanzoni mwa karne ya 7, na ilifutwa mwaka 1905. Kijana wa Huizhou aliyekwisha kufaulu ngazi ya chini alisafiri hadi Nanjing kufanya mtihani wa mkoa, katika uwanja uliokuwa na vijumba vidogo zaidi ya 20,000, kila kimoja cha mtahiniwa mmoja. Mtihani huo ulifanyika kwa kawaida mara moja kila miaka mitatu, na wengi walirudi mikono mitupu, wakajaribu tena hadi mvi zikaota. Mzazi aliyemwambia fundi achonge yangeyange na yungiyungi kwenye dirisha la chumba cha mwanawe hakuwa akipamba chumba. Alikuwa akiomba.

Yungiyungi likichongwa pamoja na samaki, mambo yanageuka tena. Samaki ni yu, sauti sawa na ya neno la ziada. Yungiyungi na samaki pamoja humaanisha kuwa na ziada mwaka hadi mwaka, yaani ghala lisikauke. Likichongwa na jozi ya mabata wenye rangi nyingi waitwao yuanyang, ni ndoa yenye mapenzi. Wataalamu wa ndege wanatuambia kwamba mabata hao hawadumu na mwenzi mmoja maisha yote, lakini hilo halikuwazuia Wachina kuwafanya kielelezo cha uaminifu, kwa sababu mapokeo ya lugha na fasihi yana nguvu kuliko kitabu cha elimuviumbe. Na hatimaye, yungiyungi likichongwa pamoja na maua ya mti wa gui, ambao jina lake hutamkwa sawa na neno la utukufu, maana ni kupata watoto watukufu wakifuatana.

Ua moja, maana tano. Aliyesema yungiyungi ni usafi hakukosea, lakini amesoma neno moja akadhani amesoma sentensi.

Ndege wa vyeo

Kuanzia nasaba ya Ming maofisa wa kiraia walivaa kifuani kitambaa cha mraba kilichodariziwa ndege, na kila cheo kilikuwa na ndege wake. Wakati wa Qing ofisa wa daraja la kwanza alikuwa na korongo, wa daraja la tatu tausi, wa daraja la sita yangeyange, na wa daraja la nane tombo. Kwa hiyo mtu aliyemwona ndege katika nakshi aliweza pia kukumbuka kifua cha ofisa.

Korongo ndiye aliyetukuzwa zaidi. Akisimama chini ya msonobari, ni maisha marefu, kwa kuwa wote wawili wanaaminiwa kuishi miaka mingi. Akisimama juu ya mwamba mbele ya mawimbi, si maisha marefu tena bali ni cheo, kwa sababu mawimbi ya bahari yanayojaa huitwa chao, na baraza la kaizari pia huitwa chao. Hapo korongo wa daraja la kwanza anakuwa amesimama mbele ya kaizari. Sisi huku Uganda tuna korongo wetu mwenye taji, aliyewekwa katika bendera ya taifa mwaka 1962 akiwa ameinua mguu mmoja, ishara ya nchi inayosonga mbele. Mganda akimwona korongo wa China anaweza kudhani anamfahamu. Ni ndege wa jamii moja, lakini kila mmoja anasema lugha ya kwao.

Jogoo naye ana makuu. Jina lake ni gongji, na kuwika ni ming. Gong ya jogoo na ming ya kuwika zikiwekwa pamoja zinasikika kama gongming, yaani sifa na cheo anachopata mtu kwa kufaulu mitihani. Kwa hiyo jogoo huchongwa akiwa amefungua mdomo, kwani akiufunga hawiki, na asipowika hakuna sifa. Akiwekwa kando ya lile ua jekundu linalofanana na kishungi cha jogoo, vishungi vinakuwa viwili. Kishungi ni guan, ofisa pia ni guan, na dua inakuwa kupandishwa cheo juu ya cheo.

Si dua zote zilikuwa za ukubwa. Ipo moja inayotupendeza kwa upole wake. Tombo huitwa anchun, na an ni amani. Ua la krisanthemu huitwa ju, sauti inayokaribiana na ya neno la kukaa. Majani yaliyoanguka huitwa luoye, yanayokaribiana na leye, yaani kuifurahia kazi yako. Tombo akidonoa chini ya krisanthemu, na majani machache yakiwa yameanguka kando yake, msomaji husoma kwamba wenye nyumba hii wakae kwa amani na waipende kazi yao. Mtu asiyejua Kichina akiona majani makavu chini anaweza kufikiri ni huzuni ya majira ya kupukutika. Mchina aliyezoea nakshi husikia heri.

Kitanda cha bibi harusi

Ndoa ilikuwa na msamiati wake. Mkomamanga ulichongwa ukiwa na tunda lililopasuka ili mbegu zionekane, kwani mbegu ni zi, na mtoto wa kiume ni zi. Mmumunye unaotambaa ulichongwa pamoja na mashina yake marefu, kwa sababu shina linalotambaa huitwa man, karibu na wan, yaani elfu kumi, na hivyo kusomeka kama vizazi elfu kumi. Ndege aitwaye xique, mweusi kwa mweupe na wa ukoo wa kunguru, alichongwa juu ya tawi la mei. Silabi ya kwanza ya jina lake ni xi, furaha, na mei hutamkwa sawa na neno la nyusi. Picha husema furaha imepanda mpaka kwenye nyusi, kama sisi tunavyosema furaha imemjaa mtu usoni.

Mkoani Zhejiang, ambako mji wa Dongyang unasifika kwa wachongaji wake wa mbao, familia zenye uwezo zilitengeneza vitanda vya arusi vyenye kuta na dari kama chumba kidogo. Vitanda hivi vilichukua muda mrefu hata vikaitwa vitanda vya siku elfu za kazi. Bibi harusi alilala humo akiwa amezungukwa na makomamanga, mimumunye na mayungiyungi.

Hapa tunapaswa kutua kidogo. Ni rahisi kuzisifu nakshi hizi kwa uzuri wake na kusahau zinamwambia nani maneno gani. Msichana aliyeolewa katika ukoo wa watu, akalala miaka mitano bila kuzaa mtoto wa kiume, aliamka kila asubuhi akiutazama mkomamanga uliopasuka juu ya kichwa chake. Dua ilikuwa imegeuka kuwa agizo. Wanafunzi wetu waliosoma semi za kanga wanafahamu kwamba maneno yaliyo katika pambo huweza kubembeleza na huweza kuchoma, kutegemea aliyeyavaa na anayeyasoma. Nakshi ni vivyo hivyo.

Sentensi zilizofunikwa na zilizovunjwa

Mwaka 1894 ulikamilika mjini Guangzhou ujenzi wa jumba la ukoo wa Chen, lililojengwa kwa michango ya watu wenye jina hilo la ukoo kutoka sehemu nyingi za mkoa wa Guangdong. Humo mna nakshi za mbao, za jiwe na za tofali, sanamu za udongo wa kuchoma na vyuma vilivyosubuwa. Mafundi wa kusini waliongeza matunda ya kwao, na katika kingo za jiwe mtu huona hata nanasi, tunda lililofika China kutoka Marekani ya Kusini. Msamiati ulikuwa bado unakua. Lakini miaka 11 baadaye mitihani ikafutwa, na mwaka 1912 ufalme wenyewe ukaanguka. Yangeyange na yungiyungi wakabaki wakiombea kitu kisichokuwapo tena.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1966, Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza na vijana wakahimizwa kuangamiza Mambo Manne ya Kale: fikra za kale, utamaduni wa kale, mila za kale na desturi za kale. Nakshi nyingi ziliharibiwa, na hadi leo katika majumba kadhaa mtu huona sanamu za watu zisizo na vichwa. Katika vijiji vya Huizhou wako wenyeji waliozisiriba nakshi zao kwa udongo au kubandika juu yake maneno ya Mwenyekiti Mao, maana hakuna aliyethubutu kuyabandua maneno hayo. Tazama ajabu ya jambo lenyewe: andiko lilifichwa chini ya andiko jingine, na ndivyo lilivyopona.

Baada ya hatari hiyo imekuja nyingine, nayo ni soko. Nyumba za kale ziliposhindwa kutunzwa, milango na madirisha yake yaliuzwa kipande kimoja kimoja kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale. Ipo nyumba iliyobahatika kuhamishwa ikiwa nzima: nyumba iitwayo Yin Yu Tang, ya ukoo wa Huang wa Huizhou, ilibomolewa kwa uangalifu, ikasafirishwa Marekani na kujengwa upya katika makumbusho ya Peabody Essex mjini Salem, ambako ilifunguliwa kwa umma mwaka 2003. Nyingi hazikupata bahati hiyo. Mlango uliokuwa na mbao sita zilizosomwa kwa mfuatano ukiuzwa kwa wanunuzi sita, kila mmoja ameondoka na neno moja na hakuna aliyeondoka na sentensi.

Tunajifunza nini?

Ukanda wetu una ushahidi wake wa jinsi ishara inavyosafiri bila lugha yake. Katika makaburi ya kale ya pwani, kwa mfano Kunduchi nchini Tanzania na Mambrui nchini Kenya, wajenzi walipachika mabakuli ya kaure kutoka China katika nguzo na kuta. Vyombo vya kaure vilivyofika pwani vilikuwa na michoro ya maua na mimea. Wenyeji waliviheshimu, wakaviweka mahali pa heshima. Lakini jinasi ya Kichina haikuvuka bahari pamoja na vyombo. Vilipata maana mpya ya Kiswahili: utajiri, uungwana na heshima ya marehemu. Hatusemi kwamba watu wa pwani walikosea. Tunasema kwamba kitu kikihama lugha, hujifunza kusema upya.

Somo la pili linahusu milango yetu ya nakshi ya Lamu na Zanzibar. Watalii huelezwa kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni usalama, ua hili ni hiki na ua lile ni kile, kana kwamba kila umbo lina maana moja iliyogandishwa. Tukishajua kwamba yungiyungi moja lina maana tano katika nchi moja, tunapaswa kuwa waangalifu na orodha za namna hiyo. Mtafiti mzuri atauliza umbo lipo mahali gani mlangoni, limekaa na nani, na fundi mwenyewe analiitaje.

Somo la tatu linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa fasihi. Tumesahihisha tasnifu na mazoezi mengi ambamo kila ua katika shairi la Kiswahili ni mwanamke, kila ndege ni uhuru na kila giza ni dhuluma. Mara nyingine ni kweli. Lakini ishara haina maana mfukoni mwake, inayotembea nayo popote iendapo. Ua katika shairi la mapenzi na ua katika shairi la maombolezo ni maua mawili. Kabla ya kuandika kwamba kitu fulani kinaashiria jambo fulani, mwanafunzi aangalie maneno yaliyo kando yake, sauti yake, mahali kilipo, na watu ambao shairi liliwatungiwa.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba nakshi za ndege na mimea za China ni maandishi yaliyotokana na sauti za lugha, na kwamba ziliandikwa na watu waliokuwa na haja: mfanyabiashara asiye na cheo, mzazi wa mtahiniwa, ukoo uliotaka mrithi. Tumeona pia kwamba zinaweza kufa kwa njia mbili: kwa nyundo, na kwa kukosa mtu wa kuzisoma. Nyundo huonekana na hulaaniwa. Njia ya pili ni ya kimya, na ndiyo inayotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha. Baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya ukanda wetu sasa wanajifunza Kichina. Tunawahimiza wasikitumie kwa biashara pekee. Watakapokutana na yangeyange aliyesimama peke yake kati ya mayungiyungi, wamtamke kwa sauti, kisha watueleze sisi wengine anasema nini.